Kabla ya Kuteremka

Mazungumzo ya leo hapa redioni ni juu ya gari na mwenye gari. Nimeyachagua kwa kuwa hapa Kapseret, katika uwanda huu wa Uasin Gishu, gari limekwisha kuacha kuwa milki ya tajiri peke yake: mwalimu analo, mkulima wa mahindi wa Ngeria analo, mama anayepeleka maziwa mjini kila alfajiri analo, na kijana aliyekwenda ughaibuni kukimbia mbio ndefu akarejea na fedha za tuzo, aghalabu hamalizi mwaka kabla ya kulinunua. Hilo ni jambo la heri. Neno langu linahusu yale yafuatayo siku ya kununua, siku ambayo watu wa nyumbani hulizunguka gari kwa furaha na kupigwa picha mbele yake. Kwani baada ya hapo gari huingia katika kazi za kila siku, na pole pole watu husahau kwamba nalo lina maungo, na kwamba maungo hayo huchakaa.

Ardhi tunayokaa ina ukarimu mkubwa kwa dereva, na katika ukarimu huo imo hatari. Barabara itokayo Eldoret ikapita Langas, ikaupita uwanja wa ndege wa kimataifa uliofunguliwa mwaka 1997, kisha ikaelekea Kapsabet, imelala kwa sehemu kubwa juu ya nchi iliyo sawa, nchi ya mashamba na malisho, ambayo dereva huweza kuiendea mwendo wa wastani tangu asubuhi hadi jioni asiiombe breki yake kazi yoyote nzito ila kupunguza mwendo penye tuta, au kusimama ng'ombe wavuke. Breki iliyochoka nusu yake huyatenda hayo bila kulalamika. Tairi lililokwisha meno huyatenda hayo. Rejeta yenye kutu nayo huvumilia, maana hewa yetu ni baridi. Kwa hiyo mwenye gari, kwa kuwa gari lake halijamwangusha, husadiki kwamba gari lake ni zima. Ilhali ukweli ni kwamba uwanda haujamwuliza swali gumu hata moja.

Swali huulizwa siku ya safari. Sisi wa Kapseret tumezungukwa na miteremko pande nyingi. Ukitoka kwenda Kabarnet, utapita Iten, mahali palipo juu ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, kisha barabara itajikunja na kujikunjua ikipita Tambach mpaka chini kabisa, katika bonde la Kerio, penye mita 1,100 hivi. Ukienda Kisumu kwa njia ya Kapsabet na Chavakali, utashuka mpaka ziwani, karibu na mita 1,130. Ukienda Nakuru utapanda kwanza Timboroa, katika baridi na ukungu, kisha uteremke Sachangwan na Salgaa, majina ambayo, kwa ajali za huko, hakuna Mkenya asiyeyajua, wala hakuna anayeyataja kwa moyo mkunjufu. Na safari hizi hatuziendi tukiwa peke yetu. Twazienda tukiwa na familia nzima kwa ajili ya Krismasi, au kwa ajili ya harusi, au matanga, gari limejaa watu na buti limejaa mizigo. Yaani siku ambayo gari lina uzito kuliko siku zote, ndiyo siku tunayolipeleka mahali pagumu kuliko pote.

Naomba tulipime jambo hili kwa hesabu, maana hesabu husaidia pale ambapo maonyo yamezoeleka mpaka hayasikiki. Gari dogo pamoja na abiria na mizigo yao lina uzito wa kilo 1,500 hivi. Likishuka kutoka Iten mpaka chini ya bonde, hushuka mita 1,200 au zaidi kidogo. Nguvu yote ambayo injini iliitumia kulipandisha gari kama hilo mlimani, sasa yarudi, nayo haina budi kwenda mahali: sehemu yake huchukuliwa na upepo, sehemu huzuiwa na injini ikiwa dereva ametia gia ndogo, na iliyobaki yote hugeuka moto ndani ya breki. Nguvu hiyo yote ya mteremko ikigeuka moto, ingetosha kuchemsha madebe mawili ya maji baridi mpaka yatokote, na bado ikabaki. Sasa fikiri, msikilizaji, juu ya vile visahani vya chuma, na vile vipande vidogo vya pedi ambavyo unene wake wote hauzidi upana wa kidole, kwamba hivyo ndivyo vilivyopewa dhamana ya kuupokea moto huo na kuutoa hewani, huku watoto wako wameketi nyuma.

Nilisimama siku moja katika gereji ya Langas nikimtazama fundi akilifungua gurudumu la mbele la gari la mtu ambaye alikuja kutengenezewa taa. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa amesikia mlio alipolisogeza gari, akaomba ruhusa ya kutazama. Gurudumu lilipotoka, alikigusa kile kisahani cha breki kwa ukucha, akaupitisha ukucha wake juu ya mifereji iliyochimbwa humo, mifereji mirefu ya mviringo iliyong'aa kama fedha. Kisha akazitoa pedi, akamwekea mwenye gari kiganjani. Moja ilikuwa na nyama nyembamba mithili ya kadi ya posta. Nyingine haikuwa na kitu: ilikuwa ni bamba la chuma tupu, chuma kikisaga chuma. Mwenye gari aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba wiki iliyokuwa ikija alikusudia kumpeleka mama yake Kabarnet. Fundi hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba ule mlio ulikuwa ukimwita siku nyingi.

Hivyo breki husema kabla ya kufa. Pedi nyingi zimewekewa ulimi mdogo wa chuma, ambao nyama ya pedi ikikaribia kwisha hugusa kisahani na kulia mlio mwembamba wa kuudhi. Na mwenye gari anayeongeza sauti ya redio ili asiusikie, hata ikiwa redio hiyo ni yetu, ajue anaizima sauti inayomtakia uhai. Kadhalika kanyagio likizama chini kuliko kawaida, au likawa laini mguuni, au gari likavutwa upande mmoja linaposimamishwa, hizo ni habari kamili, wala hazihitaji ushahidi mwingine.

Lakini lipo jambo moja la breki lisilopiga kelele, nalo ni mafuta yake, yale mafuta mepesi yaliyomo katika kikopo kidogo chini ya boneti. Tabia ya mafuta hayo ni kunywa unyevu. Huunywa hewani, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, hata kama kikopo kimefungwa vema. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki mpaka yafike digrii 205. Yakisha kunywa unyevu kiasi kile ambacho vipimo vya kimataifa hukitumia kuwa mfano wa mafuta yaliyozeeka, huchemka kwenye digrii 140 tu. Na mafuta yakichemka ndani ya mirija hufanya mapovu ya mvuke, na mvuke hukubali kubanwa, tofauti na maji au mafuta. Basi dereva hukanyaga, na kanyagio huenda mpaka sakafuni, na nguvu ya mguu wake yote huishia katika kuyabana mapovu, isifike kwenye magurudumu hata chembe. Katika uwanda haya hayatokei, kwani breki haipati moto wa kutosha. Hutokea katikati ya mteremko. Ndiyo maana nasema kwa yakini kwamba mafuta ya breki hubadilishwa kila baada ya miaka 2, yawe yanaonekana meusi au meupe, na kwamba gharama yake ni ndogo kuliko gharama ya kujaza tangi la petroli.

Na mteremko nao una adabu yake. Dereva wa zamani alifundishwa kushuka mlima kwa gia ileile ambayo angeitumia kuupanda, ili injini ilizuie gari, na breki iguswe kwa vituo. Adabu hiyo imepotea kwa wengi. Pale Salgaa malori mengi yalikuwa yakiachiliwa yateremke bila gia ili kuokoa dizeli, na kila mtu aliyepita njia ile anajua matokeo yake. Na wenye magari madogo ya gia za kujiendesha hudhani kwamba hukumu hii haiwahusu, kumbe katika mengi ya magari hayo mna herufi L au namba 2 kando ya D, na huko Tambach ndiko mahali pake.

Sasa niseme juu ya asili ya magari yetu, maana wengi hawajaitafakari. Gari tunaloliita jipya hapa kwetu, kwa wingi wa watu ni gari lililotumika Japani miaka 7 au karibu na 8, kwa kuwa kanuni ya Shirika la Viwango la Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8. Kule Japani gari hilo halikuwa huru. Sheria ya nchi ile humlazimisha mwenye gari kulipeleka kukaguliwa linapotimiza miaka 3, na baada ya hapo kila miaka 2, breki zipimwe kwa mashine, taa zipimwe, moshi upimwe, na lisilopita halina ruhusa ya kuwa barabarani. Ukifungua mlango wa dereva au ukainua boneti, mara nyingi utakuta vibandiko vidogo vyenye maandishi ya Kijapani na tarakimu za kilomita: hiki ni cha oili, hiki ni cha mkanda wa injini, kiliwekwa na fundi wa Osaka au wa Nagoya ambaye hatutamjua kamwe. Hivyo vibandiko ni kumbukumbu za malezi. Kisha gari hukaguliwa mara ya mwisho kabla ya kupakiwa melini, likashushwa bandarini Kilindini, likalipiwa ushuru, likaletwa Eldoret kwa barabara. Na tangu siku ile, ikiwa ni gari la mtu binafsi, kwa miaka mingi hapakuwa na mtu wa kuliita tena.

Matatu na malori huitwa kila mwaka na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Kabla ya hapo, marehemu Waziri John Michuki aliyatia matatu katika nidhamu ya mikanda na vidhibiti mwendo kwa kanuni za mwaka 2003 zilizoanza kushika Februari 2004, na wengi wetu twakumbuka jinsi barabara zilivyobadilika ghafla. Mwenye gari dogo la nyumbani aliyatazama hayo kama mambo ya wengine. Lakini Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, katika kifungu cha 55, haikumwacha: yataka kila gari na kila sehemu yake viwe wakati wote katika hali isiyomhatarisha mtu. Wakati wote, si siku ya ukaguzi. Kwa hiyo mkaguzi yupo, naye ni yule mwenye ufunguo mfukoni. Mfano wake ni nahodha wa jahazi wa pwani yetu, ambaye kabla ya msimu wa safari alikipandisha chombo mchangani, akakitia kalafati penye nyufa, akakipaka shahamu, wala hakungoja serikali ya mji wowote imwamuru, kwa sababu alijua ni nani atakayekuwa ndani yake bahari itakapochafuka.

Yuko mtu wa nchi hii ambaye maisha yake yanaonyesha gari lililotumika linavyoweza kufika mbali mikononi mwa mwenye kulijua. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932, akajifunza ufundi tangu ujana kwa kushika spana, na mwaka 1958 akawa mtu wa kwanza wa doria wa chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, kazi yake kuwasaidia waliokwama njiani. Mwaka 1965, yeye na ndugu yake Jaswant walishinda mbio za magari za Safari kwa gari la Volvo ambalo halikuwa jipya, gari lililokwisha kutumika mbioni na wengine kabla yao. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976. Lakini sifa yake inayonigusa zaidi si ushindi: ni kwamba katika Safari 22 alizoingia, alifika mwisho mara 19, katika mashindano ambayo kufika tu kulikuwa fahari, na magari mengi yaliachwa matopeni na makorongoni. Alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Aliisikiliza mashine.

Turudi Kapseret, alfajiri, gari likiwa bado baridi, maana huo ndio wakati wa kulitazama. Kwanza inua boneti. Chomoa kile kijiti cha kupimia oili, kipanguse kwa kitambaa safi, kitumbukize tena, kisha usome. Oili iwe baina ya alama mbili. Ikiwa imepungua, jiulize imekwenda wapi kabla ya kuiongeza. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, usiende popote, ita fundi, kwa sababu maji yameingia mahali pa oili, na aghalabu gasketi ya kichwa cha injini ndiyo iliyopasuka. Kazi hii ya kuchomoa kijiti haizidi muda wa kufunga kamba za viatu, nayo imeokoa injini nyingi kuliko ufundi wowote ninaoujua.

Kisha maji ya rejeta. Hapa nataka tukae kidogo, maana mwinuko wetu una habari yake. Katika usawa wa bahari maji huchemka kwenye digrii 100. Huku kwetu, juu ya mita 2,100, huchemka kwenye digrii 93 hivi, kama ajuavyo kila mama aliyepika maharagwe hapa baada ya kukaa Mombasa. Injini hufanya kazi vema ikiwa na joto la digrii 90 na kitu. Kinachoyazuia maji yasitokote ni kile kifuniko cha rejeta, ambacho kina springi na mpira, nacho huyabana maji yawe na shinikizo, yakaweza kupita kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya digrii 20. Mpira wa kifuniko ukikauka ukapasuka, shinikizo hutoroka, na gari ambalo lingevumilia pwani hutokota katika mlima wa Timboroa. Watu hulaumu rejeta, hulaumu feni, huuziwa pampu ya maji, na kosa ni la kifuniko cha shilingi mia chache. Tazama mpira wake, injini ikiwa baridi; nakuomba sana, injini ikiwa baridi, kwani maji yaliyobanwa yakifunguliwa yakiwa moto hurukia uso, na makovu yake hayafutiki. Na usijaze maji ya mto wala ya kisima. Yana chumvi na udongo, huotesha kutu ndani ya vijia vyembamba. Tumia yale maji maalumu ya rangi, yaliyotajwa katika kitabu cha gari lako.

Juu ya tairi, niwieni radhi nikirefusha, kwa sababu gari zima hugusa nchi kwa mahali panne tu, kila mahali pana upana usiozidi kiganja cha mtu mzima. Tazama meno. Ndani ya mifereji ya tairi utaona vituta vidogo vya mpira vinavyoukata mfereji. Meno yakichakaa yakalingana na vituta hivyo, imebaki milimita 1.6, na tairi hilo halina uwezo wa kusukuma maji kando wakati wa mvua. Na mvua yetu si ya mzaha: huanza Machi, na katika miaka mingi hatupumziki mpaka Septemba. Tairi kipara juu ya lami yenye maji huelea. Usukani huwa mwepesi ghafla mikononi, na kwa nukta hizo chache gari halina mwenyewe.

Tazama pia umri. Ubavuni mwa tairi mna herufi DOT, na mwisho wa mstari huo mna tarakimu 4: ukisoma 2319, maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa umening'inia dukani. Tairi la mtumba, lililotolewa katika gari la mtu mwingine na kuletwa kwetu likapakwa rangi nyeusi, laweza kuwa na meno marefu ya kupendeza na ubavu uliojaa nyufa za jua. Na wapo watengenezaji wanaotaka tairi lililopita miaka 6 lichunguzwe na fundi hata kama halijachakaa. Inama usome tarakimu zile kabla ya kutoa fedha. Muuzaji akikwambia hazina maana, mwache na tairi lake. Wala usilisahau tairi la akiba, ambalo wengi hulikumbuka siku wanapolihitaji, wakalikuta halina upepo, na jeki haipo, na spana iliazimwa na jirani.

Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, na kiasi chake kimeandikwa kwenye kibandiko katika nguzo ya mlango wa dereva. Na kwa wale wanaoteremka mpaka Mombasa, liko jambo ambalo sikulisikia likisemwa mara nyingi: tairi ulilolipima hapa kwa paundi 32, likifika pwani na joto likiwa lilelile, kipimo kitasoma paundi 29 hivi, kwa sababu hewa ya pwani ni nzito na hulikandamiza kwa nje. Joto la pwani hurudisha sehemu ya upungufu huo, si wote. Basi lipime tena ukifika. Na ukirejea nyumbani, lipime tena.

Taa na waipa nitazipita upesi, ila kwa neno moja la msimu. Mavuno ya mahindi yakianza, kuanzia Oktoba, barabara zetu hujaa matrekta yakivuta matela ya mizigo kwenda katika maghala ya Bodi ya Nafaka na kwa wasagaji, na mengi ya matela hayo hayana taa nyuma hata moja. Jioni ikiingia na vumbi likipanda, dereva wa gari dogo huliona tela likiwa karibu sana. Mkulima mwenzangu, kibandiko chekundu kinachorudisha mwanga huuzwa kwa bei isiyofika ya kilo chache za mahindi. Kibandike nyuma na ubavuni mwa tela lako kabla hujapakia gunia la kwanza. Na wewe mwenye gari, kioo chako kikiwa na ukungu wa mafuta kwa ndani, taa za anayekuja hutawanyika humo usione kitu. Kipanguse kwa ndani pia, siyo nje tu.

Mkanda wa kiti ni wa kila kiti, cha nyuma na cha mbele. Mtoto anayepakatwa hana kinga yoyote, hata mikono inayomshika ikiwa ni ya baba yake mwenye nguvu. Nchini mwetu barabara huua watu zaidi ya 4,000 kwa mwaka, na hapa Eldoret wanaonusurika na majeraha makubwa hulala katika wodi za Hospitali ya Rufaa ya Moi. Anayetaka kujua thamani ya mkanda na aende akawajulie hali.

Nimalizie kwa mafundi. Mafundi wa jua kali wa Langas na wa mjini ni watu wenye maarifa, wengi wao wamejifunza kwa kushika, na nimewaona wakitengeneza kwa werevu vitu ambavyo kwengineko vingetupwa. Ila fundi hana budi kuongozwa na mwenye gari anayejua anachokitaka. Ukimwambia, "Nitengenezee gari," atatengeneza kile kinacholia. Mwambie ayafungue magurudumu yote manne akuonyeshe pedi. Mwambie alinyanyue gari alitikise gurudumu juu na chini, kushoto na kulia, ili boljointi na tairodi zilizolegea zijulikane. Mwambie akupe mkononi kila kipande cha zamani alichokitoa. Vipande bandia vimejaa madukani, na pedi bandia yaweza kufanana na ya asili kwa sanduku na kwa maandishi, ikavunjika siku ya kwanza ya mteremko. Nunua penye risiti. Fundi mwaminifu hachukizwi na maswali haya. Huyafurahia, kwa kuwa mwenye kuuliza ndiye anayelipa bila mabishano.

Na uwe na daftari. Daftari la shule la kurasa chache latosha, likae ndani ya droo ya gari pamoja na kalamu. Andika tarehe, kilomita, na kilichofanywa: oili, kila kilomita 5,000 au kadiri aina yake inavyoruhusu, mafuta ya breki, mkanda wa injini, ambao katika injini nyingi za zamani hubadilishwa kwenye kilomita 100,000, na ukikatika njiani huenda ukaivunja injini yote; na tairi, pamoja na tarakimu zake nne. Yule fundi wa Japani alibandika kibandiko chake akijua kwamba hatakuwapo gari litakapofika kilomita zile. Siku utakapoliuza gari lako, labda kwa kijana wa Megun au wa Kipkenyo anayenunua kwa mara ya kwanza, ambaye hana habari ya pale mlio ulipoanzia wala lini breki ilifunguliwa, mkabidhi daftari hilo pamoja na funguo, na umsomee ukurasa wa mwisho kabla hajaondoka.